Ndoo ya Pili

"Wifi, unakwenda kuchanganya rangi au unakwenda kuzalisha?"

Ndivyo wifi yangu alivyoniuliza asubuhi ile, aliponikuta barazani navaa jozi ya pili ya glavu juu ya ile ya kwanza, kisha nazungushia tepu kwenye kifundo cha mkono mpaka vidole vikaanza kufa ganzi. Nikamwambia kama ana uchungu aseme mapema, niiweke drili kando. Akacheka, akainama kufunga viatu vyake vya misumari, vile vya kukanyagia sakafu mbichi, na mimi nikashukuru kwamba amecheka, maana mtu anayecheka haangalii sana.

Huyu ni dada wa mume wangu, anayemfuata kwa kuzaliwa. Ana miaka thelathini na minne, watoto wawili, na mdomo usiojua kupumzika. Tumefanya kazi pamoja miaka miwili. Tunamwaga sakafu za epoksi, zile zilizochanganywa na unga wa metali, zinazong'aa kutoka ndani hata mtu akifika mlangoni anasita kukanyaga akidhani ni maji. Mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuja kwangu hajui hata kushika mwiko, na nilimtukana sana mwaka wa kwanza, lakini alirudi kila siku.

Chini ya glavu zile mikono yangu ilikuwa imeharibika. Kati ya vidole ngozi ilikuwa imepasuka, na kuzunguka kifundo, pale glavu inapoishia, palikuwa na bangili nyekundu ya vipele vidogo vilivyokuwa vikiwasha mchana na usiku. Mwezi mmoja kabla, daktari wa ngozi alinigeuza viganja mara moja tu, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akaweka kalamu chini.

"Mwili wako umeikataa hiyo dawa, mama," akasema. "Si uchafu, si sabuni, si jua. Huu ni mzio, na mzio wa namna hii hauondoki. Kila ukiigusa, hata tone, hata mvuke wake, utarudi kwa nguvu zaidi. Leo ni ngozi. Kesho ni macho. Baadaye ni kifua. Krimu nitakupa, lakini haitakutibu. Tafuta kazi nyingine."

Nikamwitikia vizuri, kama mwanafunzi, kisha nikatoka nikaenda moja kwa moja dukani kununua glavu nene zaidi.

Kazi nyingine ipi? Nina miaka arobaini na sita. Nilianza nikiwa mfagiaji kwenye majengo, nikifuta vumbi nyuma ya mafundi, mpaka siku nilipomwona mmoja wao akimwaga sakafu nikasahau kufagia. Sijui kushona. Dukani sifai, kwa sababu mteja akiniuliza swali la kijinga namjibu linavyostahili. Kitu pekee duniani ninachokijua mpaka mwisho wake ni hiki, na sikuwa tayari kunyang'anywa na vipele.

Kwa hiyo siku zile nilikuwa na jambo moja tu la kulinda: asijue mtu. Wifi akijua, kaka yake atajua kabla chai haijapoa. Mume wangu akijua, kazi imekwisha, kwa sababu ni mpole, na mtu mpole akikataza jambo hakuna pa kumshikia.

Kazi yenyewe ilikuwa studio ya mpiga picha. Chumba kirefu, kuta nyeupe, madirisha mawili makubwa upande wa mashariki, na mwanga ulioingia humo haukusamehe kitu. Mwenyewe alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye sauti ya chini. Mteja anayefoka namweza. Huyu aliyenong'ona alinitia hofu. Alitaka mawingu ya mvua. "Kijivu cha fedha, na weusi kidogo chini yake," akasema, "lakini yasitishe. Watu watakuja kupigwa picha za harusi hapa." Kisha akachuchumaa kwenye kona na kunionyesha ufa ambao mimi fundi nilikuwa sijauona.

Tulisaga sakafu siku nzima, tukafyonza vumbi, tukaziba ule ufa na wenzake wawili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi yetu utabomoa kwanza. Siku ya pili tukapaka koti la kwanza, jeusi. Siku ya tatu ndiyo ya kumwaga.

Hapo nilikuwa nimeshamwambia wifi uongo wa kwanza, kwamba goti linanisumbua. "Safari hii chumba chote ni chako," nilimwambia. "Mimi nitabaki nje nachanganya." Aliniangalia kwa muda, akauliza kama natania. Hajawahi kumwaga sakafu nzima peke yake. Alikuwa akifanya pembe, akifanya mistari ya ukutani, na katikati ni pangu. Alinikumbatia pale pale na mimi nikakaa wima kama mlingoti, naogopa asinishike mkono. Alidhani nimemheshimu. Nilikuwa nakimbia mvuke.

Ila kuchanganya ni kubaya vilevile, na hilo nililijua. Kuna gundi na kuna hadina, ile inayoikausha. Vipimo viwili vya gundi kwa kimoja cha hadina, halafu unga, halafu drili yenye kipekecho chake. Zikishakutana hazikungoji. Ndani ya ndoo zinaanza kupata moto zenyewe, na una dakika ishirini, thelathini ukiwa na bahati, kabla hazijawa jiwe mikononi mwako. Na kuna sheria moja ambayo nimeipigia kelele mpaka wifi anaiota. Gundi iliyoganda kwenye ukuta wa ndoo haikutani na hadina hata upige drili mpaka kesho. Kwa hiyo unachanganya, unakwangua ukuta kwa mwiko, unahamishia kwenye ndoo ya pili iliyo safi, unachanganya tena. Ndipo unamwaga. Anayemwaga kutoka ndoo ya kwanza anamwaga na ile isiyokutana, na pale itakapoangukia hapatakauka kamwe. Siku hiyo hutaona kitu. Sakafu yote itang'aa sawasawa. Utaona kesho yake.

Kukwangua ukuta wa ndoo ndiko kunakokuingiza mkono mpaka kiwiko. Na kuhamisha ndoo ndiko kunakorusha matone.

Ndoo mbili za mwanzo nilizifanya kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimebana pumzi chini ya barakoa, jasho linanitiririka mgongoni, naimeza hofu yangu pamoja na mate. Wifi alizipokea mlangoni, akaanza. Nilimwona akitembea kwenye ule weusi kwa misumari yake, anavuta mwiko wenye meno, anarudi, anainama. Mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu aliyesahau kwamba anatazamwa. Nilifurahi na niliona wivu, vyote viwili kwa pamoja, na sikujua kipi kinaniuma zaidi.

Ndoo ya tatu, nilipoinyanyua kuihamisha, ilidondosha utepe mzito ukagonga ukingo ukaruka. Tone likatua chini ya sikio, pale ambapo barakoa na kola ya shati havikutani.

Roho ilinitoka. Niliacha ndoo pale pale, nikakimbilia bombani, nikajisugua kwa sabuni na maji mpaka shingo ikawaka. Kwa spiriti huruhusiwi, spiriti huisukuma ndani ya ngozi. Niliosha mara moja, nikaosha tena, nikawa nahesabu moyoni bila kujua nahesabu nini, na huku nyuma nasikia sauti ya wifi kutoka ndani.

"Wifi, ndoo!"

Nikarudi mbio. Ile ya tatu ilikuwa imeshaanza kupata moto. Nikaimalizia, nikampa.

"Mbona umekawia? Ukingo unaanza kukauka huku."

"Jikaze kisabuni," nikamwambia. "Inayofuata inakuja."

Ya nne nilipima vizuri. Naapa nilipima vizuri. Nikatumbukiza drili, lakini nilikuwa nimesimama mbali, mikono nimeinyoosha kama mtu anayemwogesha paka, na mwendo wa drili nimeupunguza ili isiruke. Nikafika kwenye kukwangua. Mwiko nilikuwa nao mkononi. Ndoo ya pili ilikuwa hapo chini, safi, inaningoja. Niliitazama, na shingo ikanichoma pale tone lilipokuwa, nikainyanyua ndoo ya kwanza nikaipeleka mlangoni kama ilivyo.

Nikafanya hivyo na ya tano. Nikafanya na ya sita. Kila mara nilijiambia kwamba nimechanganya kwa muda mrefu, kwamba ndoo zenyewe ni mpya, kwamba mara moja haimuui mtu. Ya saba na ya nane akili ikanirudi nikazihamisha, lakini zile tatu zilikuwa zimeshamwagwa na wifi alikuwa ameshazisambaza, na hakuna mwiko duniani unaoweza kutenganisha.

Alipomaliza akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akapulizia spiriti yake ya mwisho, ile inayoyafungua mawingu, akapitisha hewa ya moto juu ya mapovu, akavua barakoa. Tukasimama kizingitini. Mawingu yalikuwa yakitembea bado, polepole, kijivu kikiingia kwenye weusi na kufunguka. Mimi nisingefanya vile. Mimi mawingu yangu huwa makubwa, yake yalikuwa yamepasuka kidogo pembeni, kama kweli yanataka kunyesha.

"Sema kitu," akaniambia. "Tukana basi."

"Pazuri," nikasema.

Akaniangalia kwa wasiwasi. "Wifi, unaumwa?"

"Goti."

Jioni ile kope zangu zilivimba. Nilijiona kwenye kioo cha bafuni, macho mawili madogo ndani ya maandazi. Daktari alisema kesho ni macho, na kesho ilikuwa imefika. Mume wangu aliporudi kutoka kazini kwake, kwenye vyerehani, alinikuta jikoni nimeinamia sufuria.

"Umelia?"

"Vitunguu."

Akasogea, akatazama sufuria iliyokuwa na maji ya chai. Akatazama meza. Akatazama ndoo ya takataka. "Viko wapi hivyo vitunguu?" akauliza, kisha akachukua kikombe chake akaenda zake sebuleni. Mpole, nimeshasema. Nilisimama pale nikisikiliza redio yake, na sikuwa nawaza macho yangu hata kidogo. Nilikuwa nawaza ndoo ya nne, ya tano na ya sita, na nikijaribu kukumbuka ziliangukia wapi.

Asubuhi tulifika kabla ya mpiga picha kufungua. Nilivaa miwani ya jua. Wifi aliniita staa wa sinema, akaniuliza kama leo naruhusiwa kupigwa picha. Mpiga picha akaja, akafungua mlango, na tukaona mwanga wa asubuhi umelala juu ya sakafu kutoka ukuta hadi ukuta.

Mpiga picha akavua viatu, akaingia na soksi, taratibu. Wifi alinifinya mkono, na mimi nikaung'ata ulimi. Mpiga picha alikwenda mpaka katikati, akageuka, akatabasamu, akapiga hatua kuelekea dirishani.

Soksi ikabaki nyuma.

Alisimama na mguu mmoja mtupu, akaiangalia ile soksi iliyonata sakafuni, akatuangalia sisi. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali.

"Hii ni nini?" akauliza.

Wifi alishaingia. Alipiga magoti, akabonyeza kwa kidole. Kidole kikatoka na uzi mwembamba wa gundi. Akasogea, akabonyeza pengine, pagumu. Akasogea tena, karibu na dirisha la pili: gundi. Kisha kwenye kona: gundi. Madoa matatu, kila moja upana wa sinia. Nilijua idadi yake kabla hajayafikia.

"Imekosa kuchanganyika," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Haiwezi kukauka hii. Hata ukae mwaka."

"Nani alichanganya?" akauliza mpiga picha.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mimi nilikuwa nimesimama ukingoni hasa, vidole vya miguu kwenye kizingiti. Nilifungua mdomo. Wifi akaniwahi.

"Kuchanganya alichanganya yeye, na yeye hakosei," akasema. "Ni mimi. Nilizikwangua ndoo. Mwishoni mwa kila ndoo nilikuwa nakamua ile iliyobaki ili nisipoteze, nikaisambaza. Nilijua haitakiwi. Nimeambiwa mara mia." Alikuwa bado amepiga magoti, na hakuwa akimtazama mpiga picha, alikuwa akinitazama mimi. "Nisamehe, wifi. Ulinipa chumba kizima nikakiharibu."

Alikuwa anaamini. Hilo ndilo lililonikata maini. Kweli alikuwa amekamua kidogo, kila fundi hukamua kidogo, na kutoka ndoo iliyohamishwa hakuna madhara. Alitafuta kosa kila mahali ila kwangu.

Nami nikanyamaza.

Mpiga picha akavua soksi ya pili, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. "Dada," akamwambia wifi, "sina ubaya na wewe. Lakini nilipotafuta fundi niliambiwa habari za huyu mama, si zako. Nina watu wanakuja kesho kutwa." Akanigeukia. "Naomba urekebishe wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Huyu asiguse tena sakafu yangu."

"Sawa," akasema wifi, haraka, kabla sijajibu. Akainuka, akatoka, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akaanza kukunja kamba za viatu vyake vya misumari ambavyo siku hiyo hakuwa hata amevivaa. "Nitarudi dukani kwa shangazi," akasema, kama anayezungumza na kamba za viatu. "Aliniambia mlango uko wazi. Kaka atafurahi, hakupenda tangu mwanzo."

Nikachukua skrepa kwenye sanduku. Nikavaa glavu jozi ya kwanza, nikavaa ya pili, nikazungusha tepu. Nikaingia. Nilipiga magoti mbele ya lile doa la katikati, na harufu yake ikanipanda, tamu kidogo, harufu niliyoipenda miaka yote, na macho yakaanza kunichoma nyuma ya miwani. Kurekebisha doa la namna hii hakuna njia ya heshima. Unaikomba gundi mbichi kwa mkono, unaifuta kwa vitambaa na spiriti, unarudia mpaka ufike chini pagumu. Inakupaka mpaka kwenye viwiko. Niliitumbukiza skrepa, ikazama, nikainua, na uzi ukanyooka kutoka sakafuni mpaka kifuani pangu.

Sikuweza. Niseme ukweli, si wema ulionisimamisha mwanzoni, ni woga. Kifua kilikuwa kimeanza kubana na nikasikia pumzi yangu mwenyewe ndani ya barakoa, inakwaruza. Nikawaza daktari na kalamu yake. Halafu nikasikia nje, barazani, wifi akipanga vifaa vyangu kwenye sanduku, kila kimoja mahali pake kama nilivyomfundisha, huku akivuta kamasi ili nisisikie. Hapo ndipo woga ukageuka kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa aibu.

Niliinuka nikatoka hadi mlangoni, aliposimama mpiga picha. Nikavua barakoa, nikavua miwani, nikang'oa tepu, nikavua glavu zote mbili kila mkono, na nikainyoosha mikono yangu mbele yao, kwenye ule mwanga wake usiosamehe.

"Ni mimi," nikasema. "Ndoo tatu sikuzihamisha. Sikuzikwangua. Niliogopa kuzigusa. Yeye hana kosa hata moja."

Mpiga picha aliitazama mikono kwa muda mrefu, kwa jicho lake la kazi. Alitazama kati ya vidole, alitazama bangili ya vipele, alitazama kope. "Umefanya kazi kwangu siku nne na mikono hii?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na sasa nani atanirekebishia?"

"Huyu. Mimi siwezi tena." Nilisikia maneno hayo yakitoka na sikuweza kuyarudisha. "Acha madoa matatu, tazama kwingine kote. Angalia pale dirishani, alivyoyapasua mawingu. Mimi sijui kufanya vile."

Akageuka akatazama. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu niliona heri nimwambie. Akatembea kando kando na miguu yake mitupu, akainama, akainuka. "Mpaka saa kumi," akasema mwishowe, na akatuacha.

Wifi alikuwa amesimama na kopo la spiriti mkononi.

"Tangu lini?"

"Miezi mitano."

"Kaka anajua?"

"Hajui."

"Goti?"

"Goti ni zima."

Nilingoja anihurumie, na nilikuwa nimeshaandaa jibu la kukataa huruma. Hakunihurumia. "Ulinisikia nikisema ni mimi," akasema. "Nimepiga magoti pale, nimejidhalilisha mbele ya mwanamume wa watu, nakuomba wewe msamaha. Na wewe umesimama hapo na miwani yako."

"Nilinyamaza," nikasema. "Nilikuwa naogopa."

"Mimi ningekukwangulia hizo ndoo, wifi. Ungeniambia tu. Ningekukwangulia miezi yote mitano." Akafuta pua kwa bega, akaniondoa mlangoni kwa kiuno, kama unavyomsogeza mbuzi. "Toka. Nenda nje, kule upepo unakotokea. Ukiingia humu nitakupiga, na kaka nitamweleza kwa nini."

Nikaenda. Nilichukua kiti cha plastiki nikakaa chini ya dirisha lililo wazi, upande wa upepo. Mikono niliilaza mapajani, haina kitu, inawasha. Kutoka pale nilimwona ndani, amepiga magoti kwenye doa la katikati, anakomba, anafuta, anatupa kitambaa, anachukua kingine. Alifanya hivyo kwenye madoa yote matatu, kisha akapiga msasa, akafuta vumbi. Jua lilikuwa limepanda sana alipokuja dirishani na kikombe cha unga.

"Doa la kwanza. Vijiko vingapi?"

"Vinne vya fedha. Cheusi ncha ya kijiko tu."

"Nianzie katikati au ukingoni?"

"Ukingoni. Uvute kuingia ndani, usivute kutoka, mstari utaonekana."

"Spiriti lini?"

"Ngoja. Nitakwambia." Nikasimama kitini, nikakaza macho yangu yaliyovimba, nikatazama uso wa ile gundi mpaka ung'avu ulipopungua kidogo pembeni. "Sasa." Akapulizia. Mawingu mapya yakafunguka, yakagusana na ya zamani. Mshono ulionekana kidogo, ukijua pa kuangalia.

Doa la pili aliniuliza swali moja tu, la vijiko. Nilimjibu, na nilikuwa nimeshaanza kumwambia kuhusu ukingo, lakini alishageuka. Ulipofika wakati wa spiriti alichukua chupa mwenyewe. Niliona wakati wa kupulizia umefika nikafumbua mdomo, yeye hakupulizia. Aliinamisha kichwa pembeni akangoja. Nilijua amechelewa. Nilishika fremu ya dirisha kwa vidole vyangu vilivyopasuka, nikajizuia kupiga kelele. Kisha akapulizia, mara mbili, fupi, na wingu likapasuka pembeni likaingia kwenye mengine, na nilitafuta mshono ulipo nikaukosa.

Lilibaki la dirishani, lile gumu, ambapo mwanga unaingia moja kwa moja na rangi hudanganya. Pale unga lazima upungue. Vijiko vitatu na nusu, si vinne, la sivyo patakuwa peupe kuliko kwingine; hilo nililigundua mwenyewe, miaka mingi iliyopita, kwa kuharibu sakafu ya watu, na sikuwahi kumfundisha kwa sababu sehemu za dirishani siku zote zilikuwa zangu. Nikasogeza kiti karibu zaidi ili asilazimike kupaza sauti. Nikamwona anachota unga, kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akakisimamisha cha nne hewani, akageuza shingo akaangalia mwanga, akaangalia kijiko.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Akarudisha nusu koponi, akakoroga. Hakuuliza.